Nishati Imetoka Wapi, Iko Wapi, Inakwenda Wapi?

Hotuba kwa wanafunzi wa shule ya msingi, Goma

Mama Mkurugenzi, waheshimiwa walimu, wazazi mliotenga muda wenu kuja kutusikiliza, na ninyi wanafunzi wa mwaka wa tano na wa sita ambao kwa hakika ndio mliotukutanisha hapa,

Nimeombwa niwaeleze ni kitu gani kinachozifanya mashine ziende. Ningeweza kuanza na injini ya gari au ya ndege, lakini ndani ya injini kuna mambo mengi yanayotokea kwa wakati mmoja, na jicho halioni hata moja kati yake. Nitaanza na mashine ambayo sehemu zake zote ziko nje, mbele ya macho yenu, nayo ni tshukudu.

Hakuna mtoto wa Goma asiyeijua: mwili wa mti wa mkaratusi, usukani, magurudumu mawili ya mbao yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu, na pale katikati sehemu laini ya kuegemeza goti. Haina injini, haina pedali, haina mnyororo. Mji wetu umeijengea sanamu kwenye mzunguko wa barabara, na mimi naona inaistahili heshima hiyo, kwa kuwa viazi, kabichi, makala (yaani makaa ya kupikia) na mbao zinazoteremshwa kutoka upande wa Kibumba zimebebwa juu yake kwa miaka mingi, mara nyingine mzigo wa mamia ya kilo kwa safari moja.

Sasa tazameni kwa makini. Mwenye tshukudu yuko juu ya kilima, mzigo umefungwa, mguu wake umekanyaga breki. Anauondoa mguu. Tshukudu inaanza kwenda, kwanza polepole, kisha kwa kasi, wala hakuna mtu aliyeisukuma. Mwendo huo umetoka wapi?

Najua kwamba wengi wenu mmekwisha kukariri darasani kuwa nishati ni uwezo wa kufanya kazi. Maneno hayo ni sahihi na sitaki myasahau. Lakini mtu anaweza kuyakariri asubuhi hadi jioni na bado asielewe kwa nini tshukudu inateremka. Ninachowaombeni leo ni kwamba kila mnapoona kitu kinakwenda, kinazunguka, kinaruka au kinasimama, mjiulize maswali matatu: nishati yake imetoka wapi, iko wapi sasa, na inakwenda wapi? Swali la tatu ndilo watu wengi hulisahau, hata wakubwa.

Tuanze na la kwanza. Tshukudu ilipokuwa imesimama juu ya kilima, nishati ilikuwamo tayari, imetulia, kwa sababu tu mzigo ulikuwa juu na dunia inauvuta kuelekea chini. Nishati ya namna hii tunaiita nishati tuli. Ili kitu kifike juu lazima kuna aliyekipandisha, naye alitumia nishati yake kukipandisha. Nishati hiyo ndiyo iliyohifadhiwa katika kule kuwa juu. Tshukudu inapoteremka, nishati tuli inapungua hatua kwa hatua, na mahali pake inaingia nishati ya mwendo. Hakuna kilichozaliwa upya hapo. Ni nishati ileile, imebadilisha umbo.

Tunaweza hata kuipima. Nishati hupimwa kwa jouli. Ukichukua kitu cha kilo moja ukakiinua mita moja kutoka sakafuni, umetumia jouli kama 10. Kilo mbili mita moja ni jouli 20. Kilo moja mita mbili ni jouli 20 vilevile. Mnazidisha uzito kwa urefu kisha kwa 10, basi. Sasa chukueni tshukudu ambayo, pamoja na mzigo na mwenyewe, ina kilo 250, na kilima ambacho kilele chake kiko mita 100 juu ya mahali safari inapoishia. Nawaomba wa mwaka wa sita mnifanyie hesabu: 250 mara 100 mara 10. Ni jouli 250,000.

Hesabu hiyo inatuletea jambo la ajabu. Kama jouli hizo zote zingegeuka kuwa mwendo na zikabaki kuwa mwendo, tshukudu ingefika chini ikiwa na kasi ya kilomita 160 kwa saa. Hakuna aliyewahi kuona tshukudu ikienda hivyo, na tumshukuru Mungu. Kwa hiyo jouli nyingi sana hazimo katika mwendo. Zimekwenda wapi?

Mwulizeni mwenye tshukudu anapofika chini. Breki yake ni kipande cha tairi kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Kipande hicho kina joto. Gurudumu nalo lina joto pale liliposuguliwa, na mhimili pia, hata kama fundi aliupaka grisi vizuri. Mkitaka kujua joto hilo linavyotokea, sugueni viganja vyenu sasa hivi, kwa nguvu, kwa muda mfupi tu. Mwendo wa mikono umegeuka kuwa joto mikononi mwenu. Huo ndio msuguano, na ndiko zinakokwenda jouli za tshukudu. Hapa Goma, kwa kuwa tuko juu sana, maji huchemka kwenye nyuzi kama 95 badala ya 100. Zile jouli 250,000, kama tungeweza kuzikusanya zote bila kupoteza hata moja, zingetosha kuchemsha karibu robo tatu ya lita ya maji. Kilima kizima, mzigo mzima, na kinachopatikana ni chai ya watu watatu. Mimi hesabu hiyo bado inanishangaza kila ninapoifanya, kwa sababu inaonyesha jinsi joto linavyomeza nishati nyingi bila kelele yoyote.

Aliyetuthibitishia jambo hili kwa vipimo alikuwa Mwingereza James Prescott Joule, aliyezaliwa Salford mwaka 1818 katika familia ya watengenezaji wa bia, na jina lake ndilo tunalolitumia tunaposema jouli. Katika miaka ya 1840 alichukua chombo kilichofungwa vizuri chenye maji, akaweka ndani yake makasia madogo yanayozunguka, kisha akayaunganisha kwa kamba na vitu vizito vilivyoning'inia. Vitu vizito viliposhuka, makasia yalizunguka na kuyavuruga maji. Joule alipima joto la maji kabla na baada, na akaona limepanda kwa kiasi kidogo mno, lakini ni kiasi kilekile kila mara kwa uzito uleule na urefu uleule. Leo tunajua kwamba jouli 4.2 hupandisha joto la gramu moja ya maji kwa nyuzi moja. Watu wengi wa wakati wake waliona vigumu kuamini kwamba kipimo kidogo kama hicho kina maana, naye akaendelea kupima kwa miaka mingi.

Mnawajua wabadilishaji fedha wanaokaa kando ya barabara na vibunda vya faranga. Ukimpa dola ukapata faranga, kisha ukamrudishia faranga zilezile ili upate dola, hutaondoka na kiasi ulichokuja nacho, kwa maana kila badiliko lina fungu la mbadilishaji. Fedha haikutoweka duniani; iko mfukoni mwake. Nishati nayo, kila inapobadilisha umbo katika mashine, hukatwa fungu, na fungu hilo kwa kawaida ni joto. Haijapotea, lakini imetawanyika hewani na ardhini, na hatuwezi tena kuikusanya ili itusogezee mzigo.

Baadhi yenu mtauliza: je, tshukudu inapopanda kilima, nishati inatoka wapi? Inatoka kwa mwenyewe, na kwake yeye inatoka katika bugali, maharagwe na sombe alivyokula. Chakula kina nishati nyingi kuliko mnavyodhani. Gramu moja tu ya sukari ina jouli karibu 17,000. Mtoto wa kilo 30 akipanda mita 5 kutoka ziwani akiwa na bidoni ya lita 10, anahitaji kuinua kilo 40 mita 5, yaani jouli 2,000. Mwili wetu unaweza kugeuza takriban robo ya nishati ya chakula kuwa kazi ya misuli, na robo tatu nyingine hugeuka joto, ndiyo maana mnatoka jasho mkipanda. Hata hivyo gramu moja ya sukari ingewatosha kupanda mara mbili. Njaa mnayoisikia haisababishwi na bidoni peke yake: moyo, ubongo na mapafu vinatumia nishati usiku na mchana, hata mkiwa mmelala.

Nikisema hivyo, kuna jambo ambalo lazima nilisahihishe mapema, kwa kuwa nimelisikia hata kwa watu wazima. Watu husema mashine rahisi, kama wenzo, kapi au ubao ulioinamishwa, hutupunguzia kazi. Hapana. Hutupunguzia nguvu ya kusukuma au kuvuta, na hilo si dogo, lakini nishati haiipunguzi hata jouli moja. Nendeni mahali wanapopakia malori muone. Pipa la mafuta la lita 200 lina uzito wa kama kilo 180. Kuliinua moja kwa moja hadi mita moja kunataka watu wengi wenye nguvu na ni hatari kwa migongo na vidole vyao. Wapakiaji wanaweka mbao zenye urefu wa mita 4 kutoka ardhini hadi ukingo wa lori, wanalilaza pipa, wanalivingirisha. Sasa watu wawili wanatosha, na kila mmoja anasukuma kwa nguvu inayokaribia ile ya kushikilia bidoni moja iliyojaa ya lita 20. Lakini angalieni miguu yao: badala ya kwenda mita moja, wamekwenda mita 4. Nguvu imegawanywa kwa nne, njia imezidishwa kwa nne, na mwisho wake ni jouli zilezile 1,800, tena pamoja na kidogo cha ziada kwa ajili ya msuguano. Wenzo ni vivyo hivyo. Ukitumia mtaimbo kung'oa jiwe la lava shambani, mkono wako unakwenda mbali na jiwe linasogea kidogo. Kapi nyingi zikifungwa pamoja, unavuta kamba ndefu na mzigo unapanda polepole. Hakuna hata moja inayokupa zaidi ya ulichoweka.

Nimewaletea kitu kingine mnachoweza kukitengeneza nyumbani leo jioni. Hiki mkononi mwangu ni kibobini kilichoishiwa uzi. Fundi yeyote wa nguo atawapa. Nimepitisha elastiki katika tundu lake. Upande huu nimeishika kwa kipande kifupi cha njiti ya kibiriti, na nimekibana kwa gundi ili kisizunguke. Upande wa pili elastiki imepita kwanza katika kipande chembamba cha mshumaa kilichotobolewa katikati, na mwishowe imeshika kijiti kirefu kama kalamu. Nakizungusha kijiti hiki mara thelathini. Mnaona vidole vyangu vinavyozidi kupata shida? Hapo ndipo nishati ya mkono wangu inapoingia katika elastiki iliyojisokota. Sasa nakiweka kibobini mezani, kijiti kikigusa meza, naondoa mkono. Kinatembea. Kinatembea polepole, bila kukimbia, kinapanda hata juu ya daftari hili.

Kijiti kinazuiwa na meza kisizunguke, basi elastiki inapojisokotoa haina budi kukizungusha kibobini. Na ule mshumaa? Ukiuondoa, kijiti kinasuguana na kibobini kwa nguvu mno, kinakwama, kisha kinaruka ghafla. Mshumaa ni laini na unateleza, unaruhusu nishati itoke kidogo kidogo. Lakini mkikiweka kibobini juu ya kioo au sahani yenye mafuta, magurudumu yatazunguka bila kwenda popote, kwa sababu hakuna msuguano wa kuyashika. Mkate vijino vidogo kwenye kingo zake mtaona tofauti. Naomba walimu wenzangu wasiwafundishe watoto kwamba msuguano ni adui tu. Bila msuguano tshukudu isingesimama, na mwenyewe asingeweza kuisukuma kwa mguu wake, kwa kuwa mguu ungeteleza.

Nije sasa kwenye jambo ambalo nalijali kuliko yote niliyosema, kwa sababu linahusu maisha yenu barabarani. Kasi na nishati haziendi sawa. Kitu kikienda kwa kasi mara mbili, nishati yake ya mwendo haiwi mara mbili. Inakuwa mara nne. Kikienda kwa kasi mara tatu, nishati inakuwa mara tisa. Katika karne ya 18 wataalamu wa Ulaya walibishana sana juu ya hili. Mholanzi Willem 's Gravesande aliangusha mipira ya shaba juu ya udongo laini wa mfinyanzi, akaona kwamba mpira unaofika kwa kasi mara mbili unachimba shimo la kina mara nne. Mwanamke Mfaransa, Émilie du Châtelet, aliyeishi kati ya mwaka 1706 na 1749, alilielewa jambo hilo vizuri kuliko wanaume wengi waliokuwa wakimpinga, akaandika kulitetea. Wasichana mlioketi hapa mbele, nalitaja jina lake kwa ajili yenu hasa.

Maana yake barabarani ni hii. Pikipiki inayokuja kwa kilomita 60 kwa saa ina nishati mara nne ya ile inayokuja kwa kilomita 30. Breki ni ileile, mpira ni uleule, basi njia inayohitajika ili isimame nayo ni mara nne. Kama kwa kilomita 30 ingesimama katika mita 6, kwa kilomita 60 itataka mita 24, bila kuhesabu muda ambao dereva anachukua hadi afinye breki. Mtoto anayevuka akidhani kwamba "inakuja haraka kidogo tu" anahesabu kasi, lakini kitakachomgonga ni nishati. Na ninyi wazazi wenye pikipiki, hesabu hiyo inawahusu pia.

Watoto wenye akili huuliza kama tunaweza kutengeneza mashine inayojirudishia nishati yake yenyewe, ikaenda bila kusimama. Wengi wamejaribu kwa karne nyingi, kwa magurudumu yenye vyuma vizito pembeni, kwa maji yanayojipandisha, kwa sumaku. Mwaka 1775 Akademia ya Sayansi ya Paris ilitangaza kwamba haitapokea tena kuchunguza mashine yoyote ya namna hiyo. Kila mashine inalipa fungu la joto, na isipoingiziwa nishati mpya kutoka nje, itasimama.

Hata taa za mji huu zinafuata utaratibu huo. Sehemu ya umeme wa Goma inatoka katika kituo cha Matebe, kwenye mto Rutshuru, kilichofunguliwa mwaka 2015 na chenye uwezo wa megawati 13, yaani jouli milioni 13 kila sekunde kinapofanya kazi kwa uwezo wake wote. Maji yanashuka, yanazungusha turbini, turbini inazungusha jenereta, nishati ya mwendo inakuwa umeme, umeme unasafiri kwenye nyaya hadi kwenye balbu. Ndugu zetu wa Bukavu wanapata wao kwa mto Ruzizi, unaotoka katika ziwa letu la Kivu na kushuka karibu mita 700 hadi ziwa Tanganyika. Mabwawa yake yanazalisha umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni tshukudu ileile inayoteremka kilima, isipokuwa mzigo wake ni maji.

Nani basi aliyapandisha maji hayo juu? Ni jua. Jua linayapasha maji ya maziwa na bahari, yanakuwa mvuke, mvuke unapanda, unakuwa mawingu, mvua inanyesha milimani. Jua hilohilo ndilo lililokuza mihogo na maharagwe ya mwenye tshukudu, na miti iliyotoa makala. Kwa hiyo mkilifuata swali la kwanza hadi mwisho wake, mara nyingi mtalikuta jua. Si mara zote: joto la lava ya Nyiragongo, mliyoiona au kuisikia ikija mwaka 2021, linatoka ndani ya dunia yenyewe, na jua halihusiki nalo.

Sasa nawaachia kazi. Walimu wenu wameandaa mbao, vitabu vya kuwekea chini ya ncha moja ya ubao, gololi, na viboksi vya kibiriti vilivyojazwa mchanga kidogo. Kila kikundi kiachie gololi kutoka urefu wa sentimita 5, kipime kiboksi kimesukumwa umbali gani, kisha kirudie kwa sentimita 10 na kwa sentimita 20. Fanyeni kila urefu mara tano, kwa sababu gololi haitagonga mahali palepale kila mara. Andikeni katika daftari urefu upande mmoja na umbali upande wa pili, na kabla ya kuachia gololi ya sentimita 20, kila mmoja aandike kwanza anadhani kiboksi kitakwenda wapi. Vikundi vya mwaka wa tano vije upande huu wa dirisha, vya mwaka wa sita vibaki walipo.